Karoli Nyandwi na Ndege Ambayo Haijaruka

Karoli Nyandwi, tunayemzika leo, alizaliwa Minago, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa tatu wa wazazi waliolima mihogo na kukamua mawese. Mwaka 1972, akiwa na miaka tisa, alikimbizwa mauaji, akapelekwa Kigoma, Tanzania, kwa mashua pamoja na mama yake. Baba yake hakufika.

Alisoma shule ya msingi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, akamaliza mwaka 1980. Nafasi ya sekondari hakuipata, hivyo alirudi Kigoma kujifunza ufundi wa injini za mashua. Huko alizoea kuacha kazi na kuinua kichwa kila ndege ilipopita.

Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa na Generoza. Siku hiyo mashua iliyowaleta wakwe ilizimika, naye akaitengeneza akiwa ndani ya suti. Alipofika kanisani, neno la kwanza la bibi harusi lilikuwa, “Kanawe kwanza.” Alinawa, lakini grisi ilibaki kwenye kola. Mama Generoza angali analitunza shati lile.

Familia ilirudi Burundi mwaka 2009. Tangu hapo marehemu alitengeneza injini za mashua na mashine za mawese kuanzia Rumonge mpaka Magara.

Wazo la ndege lililetwa na mwanawe Bienfait, fundi umeme, mwaka 2021. Ilikuwa ndege ndogo ya viti viwili, yenye maboya ya kuelea majini. Waliijenga kwa mikono yao katika banda la mashine ya mawese, wakaifunga injini ya gari lililokufa. Pampu ya maji ya injini hiyo ilizungushwa na mkanda, nayo ilikuwa nzito. Waliitoa, wakaweka ndogo ya umeme. Likabaki swali moja: je, itaipoza injini mpaka Bienfait arudi chini salama?

Jumamosi, tarehe 20 Julai 2024, waliifunga ndege kwa kamba kwenye michikichi ya ufukweni. Marehemu alitumbukiza mpira wa pampu ziwani, kama alivyozoea kwa mashua. Injini ilinguruma kwa nguvu zote na mshale wa joto haukusogea. Watu walipiga vigelegele, na Bienfait akaanza kupanga siku ya kupaa. Marehemu alikaa juu ya ndoo, akiutazama ule mpira.

“Tumepima mashua,” alisema. “Huko juu, ziwa utalitoa wapi?”

Walirudia Jumapili, tarehe 18 Agosti, safari hii maji yakizunguka ndani ya rejeta ya ndege yenyewe. Waliotoka kanisani walijaa mpaka barabarani. Injini ikiwa kwenye nguvu zake zote, waya ulilegea kwa mtetemo na pampu ikasimama. Mkanda unaotaka kukatika hupiga kelele; pampu ya umeme hufa kimya. Injini iliendelea kuunguruma vizuri huku mshale ukipanda. Marehemu aliashiria kwa mkono kwamba izimwe. Bienfait, aliyekuwa kwenye kiti, aliwatazama watu, hakuzima. Baba yake alizunguka nyuma ya bawa, akaingiza mkono na kuizima mwenyewe. Wakati huohuo mpira wa maji ulipasuka, ukamuunguza mkono kuanzia kiwiko mpaka kiganja.

“Papa, watu iko wanatuangalia,” Bienfait alisema. “Ungengoja kidogo.”

“Na ukiwa juu ya maji, nani atakuja kukuzimia, mutoto wangu?”

Hawakusemezana mpaka Krismasi. Wavuvi wa Magara walikuwa wakipita na kuuliza, “Muzee Karoli, kuku yako imeshataga?” Aliwajibu kwamba bado inaatamia. Baada ya sikukuu, baba na mwana walifunga pampu ya pili yenye betri yake, na taa nyekundu ya kuonya.

Januari 2025 marehemu alianza kuumwa tumbo. Hospitalini Bujumbura walimkuta na kansa ya ini, na mwezi wa Aprili aliomba arudishwe nyumbani. Akiwa kitandani alitaka jaribio moja zaidi: binti yake Vestine azikate pampu zote mbili umeme, wakati wowote atakaoona yeye. Bienfait aambiwe kwamba zitakatwa, asiambiwe lini.

“Pampu tumeshazipima,” alimwambia Mama. “Bado rubani.”

Jumanne, tarehe 10 Juni, kitanda kilisogezwa dirishani. Watu walikuwa wamejaa tena ufukweni. Injini ilinguruma muda mrefu, hata Mama akamshika mkono. Vestine akachomoa nyaya. Ngurumo iliendelea, ikaendelea, kisha pakawa kimya.

“Nani amezima?”

“Ni Bienfait mwenyewe,” Mama alisema. “Hakuna aliyemukaribia.”

Marehemu akaomba uji, wa kwanza tangu Jumapili.

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, Mama akiwa kando yake.

Ameacha mjane wake Generoza; watoto watatu, Bienfait, Vestine na Irakoze; wajukuu wanne; na dada mmoja aliyebaki Ulyankulu. Ameacha pia ndege, ambayo bado imefungwa kwenye michikichi. Bienfait amesema haitafunguliwa mpaka ruhusa ipatikane na kila waya ukaguliwe upya, hata watu waseme nini.

Mungu ampokee Karoli Nyandwi mahali ambapo hahitaji tena kulala akisikiliza injini. Apumzike, imezimwa.