Kilo Mbili na Nusu za Hewa

Benchi la Rwamishenye lilikuwa ubao mmoja mrefu wa mvule uliolazwa juu ya matofali, chini ya upenu wa banda la mizani la chama cha ushirika, pale ambapo mabasi ya Muleba yalipunguza mwendo kabla ya kuteremkia mjini. Msimu wa kahawa ulikuwa umepita, mizani haikuwa na kazi, na watu wa mizani wakawa ndio watu wa benchi. Mzee Shaban alifika na dele lake la kahawa saa tatu asubuhi na kuondoka likikauka. Kati ya nyakati hizo mbili mambo yote ya dunia yalijadiliwa, kuanzia uhaba wa sabuni hadi mwezi, ambao Aroni alikuwa bado hajakubali kwamba kuna mtu aliyewahi kuukanyaga.

Siku hiyo basi la saa nne lilimshusha Clavery, afisa wa samaki wa Muleba, ambaye kila mtu alimwita Bwana Samaki. Alikuwa na sanduku la bati, na safari nzima alikuwa amelipakata, ingawa utingo alitaka kulitupa juu ya keria. Ndani mlikuwa na vyombo vyake vya kuzamia majini. Serikali ilikuwa inampeleka Tanga miezi sita, afundishe wenzake kuzama na kuhesabu samaki wa kwenye miamba, na ndege yake ilikuwa saa tisa alasiri. Barua ya uwanja wa ndege ilikuwa na masharti mawili: mzigo usizidi kilo ishirini, na mtungi wa hewa uwe mtupu, koki yake wazi.

Mtungi ulikuwa umejaa. Ulikuwa umejaa tangu Machi, siku ambayo mkewe Adventina alisimama ufukweni dakika arobaini akiwa ameinua juu ya kichwa mpira ambao pampu ilivutia hewa, akigeuka kila upepo ulipogeuka, ili moshi wa injini usiingie. Mwezi wa Aprili Adventina alifariki kwa homa ya siku nne. Pampu ilirudi Swideni na mtaalamu mwenye mali. Sasa ulikuwa mwezi wa Novemba, na Clavery hakuwa amezamia tena. Mara mbili jana usiku alikuwa ameishika ile koki, na mara mbili akaiacha.

— Waitu Kaijage, nipimie hili sanduku, alisema Clavery kwa heshima ya Kihaya.

Kaijage alikuwa karani wa mizani kwa miaka kumi na minane. Alilitundika sanduku kwenye ndoana, akautazama mshale kwa jicho moja.

— Ishirini na moja na nusu.

— Mshale unasema ishirini na mbili na nusu, alisema Clavery.

— Nimekata moja ya gunia, kama kwa kahawa.

— Sanduku la bati lina gunia wapi?

Kaijage alilizunguka sanduku polepole, kama anayelitafuta gunia.

— Msamehe, alisema Karugendo, mjumbe wa nyumba kumi, ambaye benchi lilimwita Bunge kwa sababu hakuwahi kukaa kimya kikao kizima. Mkewe alijifungua mtoto wa kilo tatu, yeye akatangaza mbili.

— Alikuwa na unyevu, alijibu Kaijage bila kucheka.

Mzee Shaban alimsogezea Clavery kikombe. Babu yake alikuja Bukoba kutoka pwani na dele hilohilo, na mjukuu aliamini kwamba hakuna habari inayosikika vizuri bila kahawa mkononi.

— Kunywa kwanza, Bwana Samaki. Umezidisha kilo mbili na nusu. Punguza kitu.

Clavery alifungua sanduku. Benchi zima likainama. Alitoa kimoja kimoja na kukitaja: suti ya mpira, miwani ya kuzamia, mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni, kisu, mpira wa kuvutia pumzi. Vipande vizito vya risasi vya mkanda, vya kumsaidia mtu kuzama, alikuwa ameviacha Muleba. Tanga vipo. Chini kabisa, umefungwa katika kitenge cha rangi ya majani, ulilala mtungi.

— Sasa huo una nini ndani? aliuliza Karugendo.

— Hewa.

— Hewa tu?

— Lita elfu mbili, zimebanwa. Kilo mbili na nusu.

Benchi lilicheka hadi ubao ukateleza kwenye matofali. Aroni ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza. Yeye aliwahi kufyeka nyasi uwanja wa ndege kwa miaka mitatu, na kwa utumishi huo aliitwa Rubani.

— Bwana Samaki, umesoma, sikatai. Lakini hewa ingekuwa na uzito, sisi hapa tungekuwa tumelaliwa.

— Tumelaliwa, alisema Clavery. Tumezoea tu.

— Mimi ninalaliwa na mengi, alisema Kaijage, lakini hewa siikumbuki.

— Basi kama ni kweli, alisema Karugendo, mambo ni mepesi. Kilo mbili na nusu ndizo ulizozidisha, na kilo mbili na nusu ndizo za hewa. Fungua, itoke, nenda zako.

Clavery alikitazama kikombe.

— Ninatafuta njia nyingine.

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kutafuta njia nyingine ndiyo kazi ambayo benchi lile liliipenda kuliko zote.

— Hiyo suti uivae, alianza Kaijage. Mtu hapimwi nguo zake. Na mapezi uyavae.

— Apande ngazi ya ndege na hayo miguuni? aliuliza Mzee Shaban.

— Atapanda kinyumenyume. Bata hupandaje?

— Na miwani aivae usoni, alisema Karugendo. Wakimwuliza, aseme ana macho mabovu.

— Hamjui ndege nyinyi, alisema Aroni, na akasimama, jambo alilofanya kila alipotaka kuaminiwa. Mtungi ukiwa umejaa ndiyo vizuri. Hewa inataka kupanda, sivyo? Mipira ya sherehe ya Saba Saba hamkuiona? Inarahisisha kazi ya injini. Mtungi mtupu ndio hatari. Mtupu, koki wazi, huko juu utaanza kuvuta. Utavuta hewa ya abiria wote, mmoja mmoja, kuanzia viti vya nyuma. Ndege itafika Mwanza na watu wamekaa wima, kimya.

— Mbona barua inasema uwe mtupu? aliuliza Clavery.

— Barua imeandikwa na mtu wa ofisini. Mimi nimefyeka pale.

— Mimi naona kuna jambo la sheria, alisema Karugendo. Kahawa haitoki mkoani bila kibali. Maharage hayatoki bila kibali. Hii ni hewa ya Mkoa wa Ziwa Magharibi, tena lita elfu mbili, inakwenda mkoa wa Tanga. Kibali kiko wapi? Je, Tanga hawana ya kwao? Na kama hawana, tuwapelekee yote bila kikao?

— Itisha kikao, alisema Mzee Shaban. Ndege itakuwa imefika Tanga.

— Wewe una njia gani, mzee? aliuliza Karugendo.

Mzee Shaban alimimina kwanza.

— Mtoto mchanga hapimwi uwanjani. Anakaa na mzazi wake. Mtungi tayari umefungwa kitenge. Aubebe kifuani, aupigepige mgongoni kidogo.

— Na akiulizwa jina la mtoto? aliuliza Kaijage.

— Aseme amelala, wasimwamshe.

Clavery alicheka. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na sauti ikamshangaza, maana hakuwa ameisikia siku nyingi. Alikumbuka kwamba Adventina naye aliuita mtungi huo mtoto, kwa kuwa usiku ulilala ndani ya nyumba, na pampu ililala nje.

Alipoinua macho, alimwona mwanamke amesimama karibu na mizani, mkungu wa ndizi kichwani. Alikuwa Klaudia wa Kanazi, aliyepita hapo akielekea sokoni. Alikuwa amesikiliza habari za mtoto kwa muda, mkono mmoja umeshika mkungu.

— Samahani, baba zangu. Barua hiyo ilifika lini?

— Wiki mbili zilizopita, alisema Clavery.

— Na ilisema mtungi uwe mtupu?

— Ilisema.

— Sasa kwa nini hukuufungua hukohuko nyumbani?

Aroni, aliyekuwa bado amesimama, akaketi. Lori la saruji lilipita, vumbi likapanda na kushuka.

— Hewa hii aliijaza mke wangu, alisema Clavery. Mwezi mmoja kabla hajafariki.

Klaudia aliutua mkungu chini, akauegemeza kwenye nguzo ya banda.

— Pole sana, Waitu.

Kisha, baada ya kuutazama mtungi vizuri:

— Uwanjani watakufungulia tu. Kijana wa mizigo ataizungusha hiyo koki huku anazungumza na mwenzake. Si afadhali uifungue hapa, tukiwepo?

Clavery aliwatazama. Kaijage alikuwa tayari amesimama. Aliutoa mtungi, akarudisha vitu vingine vyote sandukuni kwa mpangilio, mtungi akauweka juu yake, akalitundika sanduku wazi kwenye ndoana.

— Fungua polepole, alisema. Nataka kuuona mshale.

Aroni alivua kofia. Clavery alifunua kitenge, akaishika koki kwa mara ya tatu, na safari hii ikazunguka. Hewa ilitoka kwa mluzi mwembamba, ya baridi, hata shingo ya mtungi ikaanza kutoa jasho. Kisha Mzee Shaban, ambaye pua yake ilikuwa ikitambua kahawa iliyoungua kutoka ng'ambo ya barabara, aliinama karibu na kuvuta pumzi ndefu.

— Haina moshi, alisema.

— Haina? aliuliza Clavery.

— Hata kidogo. Ile injini ya pampu ilikuwa ya petroli?

— Ya petroli. Ilikuwa hatua nne tu kutoka alipokuwa amesimama.

— Basi alijua kusimama.

— Aligeuka na upepo, alisema Clavery. Dakika zote arobaini. Mimi nilimwambia apumzike, akaniambia, wewe ndiye utakayeivuta huko chini, nyamaza.

Klaudia alicheka, na benchi likacheka naye. Karugendo alivuta pumzi yake, akatangaza kwamba mkoa umeruhusu. Aroni alivuta mara mbili, moja ya kwake na moja, alisema, ya uthibitisho. Mluzi ulishuka taratibu. Mshale nao ulikuwa unashuka, nusu kilo kwa nusu kilo, na waliokuwa wamecheka mwanzo sasa walikuwa wameukodolea macho kama wanaotazama penalti.

Ulisimama kwenye ishirini. Haukuzidi, haukupungua.

— Kumbe tunalaliwa kweli, alisema Aroni kwa sauti ndogo.

Mzee Shaban aliinamisha dele juu ya kikombe cha Clavery. Yalitoka matone mawili, kisha machicha. Klaudia alifungua fundo la khanga, akamtilia mfukoni konzi ya kahawa za kutafuna.

— Za njiani. Mfuko haupimwi.

Clavery aliufunika mtungi kwa kitenge, koki ikiwa wazi kama barua ilivyotaka, akafunga sanduku. Kaijage alikuwa bado anautazama mshale.

— Kilo mbili na nusu, alisema. Hii sikati ya gunia. Na unyevu sikati.

Kisha mazoea ya miaka kumi na minane ya kupima kahawa yakamshinda.

— Daraja gani?

Hakuna aliyemcheka. Walimgeukia wote Bwana Samaki.

— La kwanza, alisema Clavery, akainua sanduku lake.