Msimu wa Nane wa Maharage

Benchi letu ni ubao wa mlango uliowekwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kahawa cha dada yangu Orpa, mtaa wa Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Ilikuwa Machi 2013 na mvua ilikuwa imenyesha mara mbili. Ukutani, kivulini, lilisimama fungu la vijiti arobaini vya muhogo alivyopewa na mama mmoja wa Nyamityobora, Mbarara. Vilikuwa na siku kumi na tatu tangu vikatwe, na kila asubuhi dada alikwangua kimoja kwa ukucha kuona kama bado kina utomvu. Hapa maharage hayana maneno. Miezi mitatu umeshakula. Muhogo unakaa ardhini mwaka na zaidi, na anayeupanda huonekana amekubali kwamba kwao Kivu, Kongo, harudi tena. Shemeji Mihigo alirudi huko Agosti 2009 kutazama shamba letu. Alimwambia dada, "Usipande muhogo, nitakuja kuwachukua." Hajaonekana tangu hapo. Kwa hiyo kila serikali marafiki zinapokutana kuzungumza juu ya Kongo, dada huuliza benchi kwanza, yaani sisi tunaolikalia.

— Haya, semeni, alisema akimimina. Mvua haitaningoja. Nipande ao nisipande?

Gervais, dereva wa pikipiki tunayemwita Antena, ndiye aliyeleta habari.

— Usipande, dada Orpa. Jana nilikuwa Biharwe. Nimehesabu motokari kumi na moja nyeusi, zinaenda Mbarara. Moja ilikuwa na bendera mbili mbele, ya huku na ya rafiki yao. Bendera mbili, gari moja! Sasa hao si bamekwisha kuoana?

— Ndani ilikuwa waziri ngapi? aliuliza Kabanda, Mganda wa Bwizibwera, mwanajeshi mstaafu anayelinda ghala, ndiye tunayemwita Afande.

— Vioo vilikuwa vyeusi, Afande.

— Basi wewe umeona rangi tu.

Grégoire alikohoa. Alikuwa mwalimu Uvira, na kwa kuwa hukariri taarifa za redio neno kwa neno, tunamwita Komunike.

— Sikieni. Mwaka jana redio ilisema "mazungumzo". Krismasi ikasema "mashauriano". Leo asubuhi imesema "mashauriano ya kina kati ya serikali marafiki kuhusu masuala ya kanda". Ya kina! Munaona vile neno linapanda ngazi? Kisha ya kina kunabaki nini? Malori.

— Ya kuturudisha? aliuliza dada.

— Ya nini ingine? Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Sasa tembo banakunywa chai pamoja. Nyasi inapona.

— Tembo ikikaa chini kunywa chai, mwalimu, inakalia nini? alisema Kabanda.

Tulicheka. Dada hakucheka.

— Mimi iko na siri, Afande aliendelea. Pale Bwizibwera, pahali ya kukusanya maziwa, hoteli ya huo mkutano imeagiza madebe sita. Watu ya kusalimiana haimalizi madebe sita. Hiyo ni siku tatu. Siku tatu, mnagawana kitu.

— Banagawana nini?

— Milima yenu. Huyu achukue ya ng'ombe, huyu ya dhahabu.

— Na sisi?

— Nyinyi mnabaki. Nakivale inakuwa inchi. Komunike anakuwa balozi.

— Balozi wa kutumwa wapi? Gervais alidakia.

— Mbarara. Wewe utamubeba na pikipiki, ufunge bendera mbili.

Grégoire hakukasirika.

— Subira yavuta heri. Dada, ngoja wiki moja.

— Ulisema vile vile Septemba.

— Na sikukosea. Si bangali banashauriana?

Daftari la familia liko kwangu. Misimu saba tangu shemeji aondoke, na mahali pa mazao nimeandika neno moja mara saba.

Wakati huo akasimama mbele yetu mwanamke mwenye jembe jipya lisilo na mpini.

— Bwana asifiwe, ba papa. Naitwa Perpétue. Nimetoka Fizi, nimefika Alhamisi. Bamenipa kiwanja kule nyuma.

— Amina, mama. Huko munasemaje juu ya haya mashauriano? aliuliza Grégoire.

— Ya nani? Mimi natafuta mbegu ya mihogo. Shamba ya nani naweza kukata?

Gervais alimtazama Grégoire. Grégoire alitazama kikombe. Nilizipitia nyumba zote za mtaa wetu kichwani, thelathini na moja, na sikupata penye shina hata moja la muhogo. Wote walikuwa wameuliza benchi hili kwanza.

Dada alilivuta fungu, akaketi chini, akakwangua kijiti kimoja kimoja. Kilichotoka kikavu alikiweka kushoto. Chenye utomvu, kulia. Alipomaliza, kulia vilikuwa saba.

— Panda leo, alimwambia Perpétue. Vilaze, usivisimamishe.

— Na wewe, mama? Utapanda nini?

— Mimi bwana yangu alisema ningoje.

Perpétue alivifunga kwenye kanga, akaenda. Dada alivunja vile thelathini na vitatu, akavisukuma motoni chini ya birika. Viliwaka vizuri.

— Ongeza kahawa, alisema Afande polepole.

— Imekwisha.

Jumatatu iliyofuata nilifungua daftari, nikaandika: maharage.