Usukani wa Sebuleni: Maisha ya Baba Yetu, Dereva

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, tunayemsindikiza leo ni baba yetu, ambaye mliendelea kumwita Dereva hata baada ya leseni yake kufa. Alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Wa kwanza ni Baba Mkubwa, aliyekaa mbele pale na shada kubwa kuliko yote.

Baba alimaliza darasa la saba mwaka 1971. Kufaulu alifaulu, lakini karo ya sekondari ilikuwa imeshashikwa na kaka yake. Hakulalamika hata siku moja. Matunda ya elimu ile tutayaona mbele kidogo.

Alianza kama utingo wa lori mwaka 1976, akapata leseni 1981, kisha akaendesha basi la kampuni hadi Agosti 2014, daktari alipomwambia jicho la kushoto halitarudi. Alikabidhi funguo akarudi kukaa nyumbani. Kila gari lilipofunga breki huko nje, naye alikanyaga sakafu.

Alimwoa Mama mwaka 1984, wakajaliwa watoto wanne. Miaka yote Mama alimwomba amfundishe kuendesha. Jibu lilikuwa moja: "Basi si langu, mke wangu."

Mwaka 2016 Baba alianza kujenga gari lake sebuleni, la kuchezea mchezo wa mbio kwenye televisheni. Sanduku lilikuwa la mbao, kiti cha basi bovu, usukani wa lori lililokufa. Alifunga vipande vya mpira wa baiskeli kulia na kushoto ili usukani ukiachiwa ujirudie katikati. Pedali alizikata kwa chuma akazitia springi za mlango, na nyuma ya kila moja akafunga kile kidude cha redio kinachozungushwa kuongeza sauti, ili mashine ijue mguu umekanyaga kiasi gani. Breki aliifanya ngumu makusudi. Alisema breki laini inamdanganya mtu.

Ukoo ukaitisha kikao. Walikunywa chai yetu yote, kisha Baba Mkubwa akasema, "Mtu mzima na mvi zake anacheza gemu! Tena umeweka pedali tatu. Klachi ya nini, na mchezo wenyewe una mafuta na breki tu?"

"Na mguu wa kushoto nao ukae wapi?" Baba akamjibu. Klachi ile hakuiunganisha na kitu chochote. Ilikuwa ya kupumzishia mguu tu.

Baba Mkubwa akaingia ndani ya mashine kutuonyesha upuuzi wake. Kona ya kwanza tu, akauvaa ukuta. "Breki mbovu!" akafoka. Breki ilikuwa nzima. Msomi wetu, mwenye gari la otomatiki lisilo na klachi, alikuwa amekandamiza klachi kwa nguvu zote. Shangazi wakampa pole, wakamlaumu Baba. Hao ndio wenye busara wa ukoo huu.

Mwanafunzi wa kweli alikuwa Mama. Kila jioni nilikuwa nikimnyonyesha mwanangu pembeni, nikiwasikiliza.

"Mama watoto, taa! Unapindaje bila taa?"

"Taa umeziweka wapi na wewe?"

"Basi toa mkono dirishani!"

"Dirisha lenyewe liko wapi?"

Walicheka mpaka mtoto akaacha ziwa kuwatazama.

Kisukari kilimshika figo Januari 2023. Alilazwa wodi namba nne, akaaga dunia mchana wa tarehe 14 Juni, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama. Alikuwa ameshatuambia sote, Baba Mkubwa akiwepo: "Mashine ni ya mama yenu."

Kesho yake Baba Mkubwa akaja na mafundi wawili na shoka. "Wageni wa maana wanakuja kwenye msiba," alisema. "Hatuwezi kuwaonyesha sanduku la kitoto. Likapasuliwe kuni." Mwili wa mdogo wake ulikuwa bado mochwari, yeye anaona aibu ya mbao.

Mama hakupiga kelele. Aliingia akakaa kwenye kiti, akashika usukani. "Shemeji," akasema, "pasua. Anzia hapa nilipokaa."

Mafundi waliinamisha vichwa, wakampa pole, wakaondoka na shoka lao. Baba Mkubwa akabaki amesimama na suti yake, hana wa kumtuma.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita, kaka mmoja na dada watatu. Mashine iko sebuleni, palepale, haijaguswa msumari. Wageni wa maana na wasio wa maana, karibuni mwione baada ya mazishi. Baba Mkubwa naye anakaribishwa, kama abiria.

Dereva wetu apumzike. Anayeendesha sasa ni Mama.