Milango Haijatiwa Vitasa

Mke: Haloo? Ni nani?

Dada Mtu: Mimi wifi yako. Hii namba ya mwanangu. Hamjambo huko?

Mke: Shikamoo, wifi.

Dada Mtu: Marahaba. Ngoja nihamie sikio la kulia, hili jingine si unajua— haya. Wifi, mshonaji jirani yenu kanipigia sasa hivi, analia mpaka maneno hayatoki.

Mke: Kasemaje?

Dada Mtu: Anasema alikuwa anapiga pasi, kasikia makelele huko gereji kwenu, kapanda juu ya ndoo kuchungulia. Kakuona wewe unamkimbiza mdogo wangu na msumeno wa umeme, damu chapachapa. Umemswaga mpaka ndani ya lile gari bovu, umemchomelea humo humo, na sasa unazunguka unatafuta kiberiti.

Mke: Nimemchomelea.

Dada Mtu: Ndivyo alivyosema.

Mke: Gari lenyewe nimelivika faiba, wifi, nyuzi za kioo na gundi; haichomelewi.

Dada Mtu: Sikuulizi habari za faiba. Mdogo wangu yuko wapi?

Mke: Yupo.

Dada Mtu: Yupo wapi?

Mke: Kwenye gari.

Dada Mtu: Basi mpe simu nimsikie.

Mke: Hiyo damu ni yangu. Mshonaji hilo hakulisema?

Dada Mtu: Haku— (mtandao unakwaruza) —loo? Haloo?

Mke: Nakusikia.

Dada Mtu: Nini hicho kinagonga?

Mke: Nyundo.

Dada Mtu: (anashusha pumzi) Kumbe mko kazini. Yule mwanamke atakuja kuniua na presha, domo lake halina breki. Mimi nimeshavaa kanga ya msibani huku, na nyie mnagonga zenu— hebu ngoja.

Mke: Nangoja.

Dada Mtu: Wewe si ndiye uliyenieleza hapa jikoni kwangu, tunamenya vitunguu, kwamba faiba haigongwi? Ukasema bati likibonyea utalinyoosha, faiba ukiipiga nyundo inapasuka.

Mke: Inapasuka.

Dada Mtu: Sasa nani anagonga?

Mke: Mdogo wako. Anagonga kwa ndani.

Dada Mtu: Mfungulie.

Mke: Nisikilize kwanza—

Dada Mtu: Mfungulie, wifi—

Mke: Nikimfungulia ataniua. Nisikilize. Umepiga simu kuuliza, basi sikiliza.

Dada Mtu: Sema.

Mke: Gari ni la yule mwenye machimbo ya mawe. Bodi yote imeliwa na kutu, ukiweka kidole kinapita upande wa pili. Mdogo wako alilikataa mwenyewe, akasema hilo bati halinyooki hata aje nani. Mteja akaniuliza mimi. Nikamtengenezea boneti, madigadi, milango ya mbele, na paa. Kutengeneza si kazi, kazi ni kuvika. Gari kuukuu limeshapinda, limelalia upande mmoja kama mtu mwenye kigugumizi cha kiuno, tundu la bolti halikutani na tundu mwenzake. Unasugua, unajaribisha, unavua, unasugua tena. Nimewashwa na lile vumbi mpaka ndani ya kope.

Dada Mtu: Najua unajituma, hakuna anayebisha—

Mke: Leo mteja kaja kuangalia. Kabisha hodi kwenye boneti, kwa kidole, kafurahi. Akamgeukia mdogo wako mbele ya watu, akamwambia, fundi, nenda kapike chai sasa, mkeo ameshika gereji.

Dada Mtu: Ee Mungu.

Mke: Alicheka, wifi. Alicheka kuliko wote. Akamsindikiza mteja mpaka nje, akampungia mkono. Akarudi akafunga geti, akatia ufunguo mfukoni.

Dada Mtu: (polepole) Akafunga geti.

Mke: Mimi nilikuwa nyuma ya gari, nakaza bawaba. Ule mlango wa nyuma ndio pekee wa chuma uliobaki. Akausukuma kwa mguu. Vidole vyangu vikiwa ndani.

Dada Mtu: Labda hakuviona.

Mke: Akaufungua, akaviangalia. Akaufunga tena.

(nyundo)

Dada Mtu: Vikoje?

Mke: Viwili havina habari na mimi. Nimevifunga na kitambaa cha faiba, ndicho kilichokuwa karibu.

Dada Mtu: Na huo msumeno?

Mke: Msumeno uko kwenye ndoano yake, hata waya haujachomekwa. Alichukua nyundo yake kubwa akapanda ndani ya gari. Akasema hilo paa langu atalipasua kwa chini, na mimi nisimame nitazame, akimaliza la gari atahamia la kichwa changu. Alipoinua mkono mara ya kwanza nikausukuma mlango kwa mgongo, nikatia komeo. Hiyo ndiyo chomelea yangu.

Dada Mtu: Si atapita mbele?

Mke: Milango ya mbele nimeikaza bolti kwa nje. Vitasa hutiwa mwisho kabisa, bado sijatia. Na madirishani kuna wavu wa chuma, wa kuzuia mawe.

Dada Mtu: Hewa je?

Mke: Hewa anayo. Umsikie anavyotukana.

Dada Mtu: Sasa wifi, hebu tulia. Unamjua mwenzio, hasira zake ni moto wa karatasi. Mwache apoe. Akishapoa umfungulie taratibu, umwambie samahani mume wangu, umchemshie maji aoge—

Mke: Unamsikia anapoa?

(nyundo, nyundo)

Dada Mtu: Basi toka hapo. Kimbilia kwa mshonaji.

Mke: Ufunguo uko mfukoni mwake. Ukuta una vipande vya chupa, mkono wenyewe ninao mmoja.

Dada Mtu: Piga kelele.

Mke: Nimepiga. Mwenye duka akafungulia redio. Huo muziki unaousikia ndio jibu lake.

Dada Mtu: Kituoni?

Mke: Wakaniuliza, huyo unayemshtaki ni nani yako? Nikasema mume wangu. Wakasema mkimalizana mtupigie.

Dada Mtu: Nakuja. Natafuta gari sasa hivi, namkabidhi mtoto funguo za—

Mke: Utafika usiku. (mpasuko) Ee.

Dada Mtu: Nini hicho?

Mke: Imepasuka.

Dada Mtu: Imepasuka nini? Wifi, nini?

Mke: Paa. Naona kichwa cha nyundo. Anakivuta ndani... anakirudisha. Nilipiga tabaka nyingi pale, nilidhani itashika. Inatoka vipande vipande kama maganda.

Dada Mtu: Tundu likoje?

Mke: La ngumi. Likiwa la mabega anatoka. Ametulia. Ameweka jicho pale. Ananitazama.

Dada Mtu: Usimtazame.

Mke: Wifi, nikuulize.

Dada Mtu: Uliza haraka.

Mke: Sikio lako la kushoto.

Dada Mtu: Limefanya nini?

Mke: Uliniambia ni dawa ya kwinini iliyoliziba. Malaria ya utotoni.

Dada Mtu: Ni kwinini.

Mke: Yeye akilewa husema, dada yangu mwenyewe nilimnyamazisha, sembuse wewe.

(redio kwa mbali)

Dada Mtu: Mtandao mbaya, sikusikia vizuri.

Mke: Umesikia. Umeweka sikio zima.

Dada Mtu: Alikuwa mdogo. Ndiyo kwanza ndevu zinaota. Tulikuwa tunagombania— (anakohoa) Yameisha hayo. Mama alituombea, yakaisha.

Mke: Nilipovunjwa mkono ule mwaka wa kwanza wa ndoa nikaja kwako. Ukanikanda na maji ya moto, ukaniambia vumilia. Nikasema huyu anajua anachosema, ndiye aliyemlea. Sikukulaumu, na sasa sikulaumu.

Dada Mtu: Wifi—

Mke: Nakuomba kitu kimoja tu. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyemwambia acha. Mama yenu hakumwambia. Mimi nikimwambia ananipiga, hilo halihesabiki. Wewe ndiye uliyembeba mgongoni, jina lako likitajwa huwa anakaa vizuri kwenye kiti, nimemwona. Mwambie aweke nyundo chini, aurushe ufunguo kwenye hilo tundu. Basi. Nikishatoka nitamfungulia komeo kwa fimbo ya kupakia rangi kupitia geti, sijui, tutajua huko huko.

Dada Mtu: Atanisikiliza mimi?

Mke: Nakuweka kwenye spika. Nasogea.

Dada Mtu: Ngoja, ngoja kwanza, nimwambieje—

Mke: Sema tu acha. (kwa sauti) Baba, dada yako huyu yuko hewani. Anataka kusema na wewe.

(nyundo inanyamaza)

Mke: Ameacha, wifi. Umesikia? Kwa kutajwa tu ameacha. Ameleta sikio kwenye tundu. Sema sasa.

(kimya)

Mke: Wifi?

(kimya)

Mke: Hujakata. Naona sekunde zinakwenda. Nasikia unavyohema, na yeye anasikia. Sema neno moja.

(kimya. redio kwa mbali. nyundo)

Mke: Wifi, ameanza tena. Mwambie.

(nyundo)

Mke: Mwambie.