Bujiku na Mkokoteni Uliosimama Kila Mlango

Ndugu Bujiku, mwendesha mkokoteni wa usharika wetu wa Kilutheri hapa Shinyanga, anastaafu tarehe 31 Desemba 1938 baada ya miaka kumi na mitano ya utumishi. Wazee wenzangu wameniomba niandike habari zake kwa ajili ya ibada ya kumuaga. Wamefanya vizuri kuniomba mapema, kwa kuwa kifua changu hakinipi nafasi ndefu, na kuna jambo moja juu ya mtu huyu ambalo sitaki kwenda nalo kaburini.

Alianza kazi reli ikiwa bado haijafika, na kanisa likiwa kibanda cha nyasi cha watu wachache kutoka Iramba na wenyeji wachache zaidi. Alikuja akijisifu kwamba hakuna ng'ombe katika Usukuma nzima asiyemwelewa, na majisifu hayo hajayaacha hadi leo. Husinzia wakati wa mahubiri. Huimba nyimbo zote kwa sauti moja. Aliwahi kugombana na mkuu wa stesheni kwa sababu ya kivuli cha kupumzishia ng'ombe, akashinda.

Kazi yake ilikuwa kubeba sadaka ya mavuno. Washarika walileta mtama, karanga na kuku. Sehemu ilikwenda stesheni kupanda treni ya Mwanza, kisha ikavuka ziwa hadi Geita, ambako mwinjilisti wetu Jilala aliwahudumia wachimbaji wa dhahabu na wagonjwa wao. Sehemu nyingine Bujiku aliigawa njiani, kwenye milango ya wajane na wagonjwa wa mjini, wa dini yoyote.

Ukaja mwaka wa nzige. Mavuno yalikuwa haba, na wazee wa usharika tukaamua yote yaende Geita, maana bila chakula Jilala angerudi na kazi ile ingekufa. Mkokoteni usisimame popote. Mimi, mwalimu wa shule ya usharika, nilitumwa kukaa juu ya magunia kuhakikisha.

Tulipofika kwa Mama Majaliwa, mjane Mwislamu anayekaa karibu na soko, ng'ombe wakasimama. Bujiku akapiga mluzi, akavuta kamba, hawakunyanyua kwato. Nikamwambia anatudharau.

"Mwalimu, mimi nimetii," akajibu. "Hawa ndio hawakuhudhuria kikao."

Watu wa sokoni wakaanza kukusanyika. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, kanisa limekwama!" Nikashuka na fimbo, nikawachapa mwenyewe. Madoa, ng'ombe wa kushoto, akanigeuzia uso akaendelea kucheua. Mama Majaliwa alikuwa ametoka na ungo wake kama alivyozoea.

"Msiwapige, Mwalimu," akasema. "Narudi ndani."

Fimbo ikanidondoka. Kwa mbali treni ilikuwa inapiga honi. Nilifungua gunia kwa mkono wangu, nikamjazia ungo. Bujiku akagonga nira, na ng'ombe wakaenda vizuri kabisa, hadi mlango uliofuata.

Tulifika stesheni treni ikikaribia kuondoka. Magunia ya Geita yalikuwa yamepungua, lakini yalifika. Jilala alipokuja wakati wa Pasaka nilimwomba radhi, akacheka. "Kwani mlidhani nakula peke yangu kule? Mtu mwenye homa akija mlangoni, simwulizi kama ametajwa kwenye kikao chenu."

Sikukuu ya mavuno iliyofuata, Mama Majaliwa alileta kikapu cha karanga hadi mlangoni mwa kanisa. "Hizi ni za wagonjwa wa Geita," akasema. "Majani ya ng'ombe nitaleta kesho." Wafanyabiashara wenzake wa sokoni wakamfuata. Wazee tukabadili uamuzi wetu, na tangu siku hiyo usharika huu haujakosa cha kupeleka mbali wala cha kuacha karibu.

Sasa jambo lenyewe. Miaka yote nimewaambia watu kwamba ng'ombe walisimama wenyewe. Sivyo. Nilipoinama kuokota fimbo niliona jiwe mbele ya gurudumu, na mguu wa Bujiku ukilisukuma lizidi kukaza. Ningeweza kulitoa. Nililiacha, nikafungua gunia, naye akalitoa kwa mguu ule ule kabla ya kugonga nira, na sikuwaambia wazee wenzangu. Katika yote niliyofundisha na kuandika, kunyamaza kule ndiko ninakokufurahia zaidi.

Tangu ugonjwa uniweke kitandani, mkokoteni husimama mlangoni kwangu pia. Juma lililopita nilijikongoja hadi nje na bakuli langu, nikachungulia chini ya gurudumu. Hapakuwa na jiwe. Madoa alikuwa amesimama tu, akicheua, na Bujiku alikuwa bado yuko nyuma sana, akisalimiana na watu.

Asante, Ndugu Bujiku, Baba Mbuke wetu, kwa niaba ya usharika, na ya Geita, na ya kila mlango wa mji huu. Kapumzike kwa amani na afya. Na mlango wako wewe, tunakuombea, asiupite mtu bila kusimama.