Ukimwangusha, Usimlalie

Mathayo mwanangu, rudisha mlango uje ukae karibu, na wewe Elina mjukuu wangu, niinue kichwa kidogo, maana pumzi imebaki haba na nina neno ambalo sitaki kwenda nalo kaburini.

Ng'ombe ni wako, Mathayo, na nyumba hii pia. Lakini lile shamba la bondeni, alikofia Alute kaka yako, ni la Elina binti yake, na mzee Naftali akija tena kusema lilikuwa la babu yake, msimpe hata tuta moja. Sikilizeni kwa nini.

Mwaka ule wa simba-watu, watu waliokotwa mashambani wamechanwa, Mwingereza akaleta askari na bunduki, nasi hatukwenda kisimani bila kundi. Lakini ndege walikuwa wanatumalizia mtama. Tukaenda bondeni kuwafukuza mchana kweupe, mimi na Alute, nawe Elina nimekufunga mgongoni, mama yako yu kitandani na homa.

Alute hakuna aliyemweza kwa mieleka hapa Mtinko. Na mieleka yetu ya baada ya mavuno mnaijua, ukimwangusha mwenzio bado hujashinda mpaka umlalie kifua kwa kifua, wanawake wapige vigelegele na kuita mlalie, mlalie. Hata mimi mama yake nilikuwa naita.

Basi kikatoka kwenye mtama kitu chenye ngozi ya simba, kimeinama, kisha kikasimama kwa miguu miwili. Ndege wote wakanyamaza. Ngumi ingefanya nini kwenye ngozi nene vile? Alute akakiingia chini ya kwapa, akakibeba kiunoni, akakibwaga mpaka nikasikia ardhi inatetema miguuni, na ningali najisifu moyoni nikamwona anakilalia, kama yuko uwanjani. Makucha ya chuma yalikuwa yanamsubiri tumboni. Alitulia pale amekikumbatia, na kile kitu chini yake kilikuwa kinampapasa mgongo polepole, kama mama anayebembeleza mtoto alale.

Kisha kikamsukuma pembeni, kikanijia.

Nisingeweza kumbeba mtu kiunoni na mtoto mgongoni, wala nisingeweza kuanguka naye. Nikangoja kifike karibu hadi nikasikia harufu ya ugoro, nikashika ngozi mabegani, nikapeleka mguu wangu nyuma ya mguu wake uliobeba uzito, nikamsukuma kifuani. Akaenda chali, kiuno kikagonga kisiki, mimi nikabaki nimesimama. Ndani ya ngozi ile ikatoka sauti ya upole kabisa: "Taratibu, mama Alute."

Nikakimbia.

Msibani mzee Naftali alikuja anachechemea, ameshika kiuno. Wanawake wakamtania kwamba mke mdogo amemweza mieleka, naye akacheka nao, akaja kukaa kando yangu, akaniambia pole. Ni sauti ile ile, wanangu. Na siku zile aliyemtaja mtu kwa askari aliokotwa vichakani. Nikanyamaza ili mtoto akue.

Ndiyo sababu Elina tangu ulipojua kukimbia nakuangusha pale uani, na Mathayo anacheka, anasema mama amerudia utoto. Mwangushe mtu, mwache hapo hapo, ondoka. Ardhi itakuwa imeshampiga kuliko mkono wako. Mwenye kisu anafurahi ukilala naye. Na simba wa kweli usimguse, huyo hana kiuno cha kubebwa wala mguu wa kutegwa.

Maji... nilowesheni midomo. Basi.

Nizikeni bondeni, kando ya Alute. Msilie sana. Mungu awanyeshee kwa wakati wake, Mathayo... ng'ombe wako wazae, na wewe Elina, watoto wako wakulie kwenye shamba lako, wasiogope mtama ukirefuka.

Nani huyo anabisha hodi? Usinifiche, mwanangu, masikio bado ninayo, na sauti hiyo naijua. Mfungulie. Mwamkie shikamoo, mpe kigoda... ni mzee wa jirani, amekuja kuniaga.

Elina. Wewe baki umesimama.