Mpaka Buhongwa na Kurudi

Kijiwe chetu cha Mkolani ni benchi moja lililoegemea banda la Obedi, fundi baiskeli, tunayemwita Breki. Kahawa huchemka hapo tangu alfajiri. Wiki tatu sasa, kila asubuhi, mwenzetu Shimba, tuliyempachika jina la Tani Moja, hutoka kwake amevaa raba mpya. Daktari alimpima presha akakuta mia na themanini kwa mia na kumi. Akamwambia ameze dawa, apunguze kilo kumi, atembee kila siku. Basi Shimba hutoka na nia ya kufika Buhongwa na kurudi. Lakini kutoka kwake hadi kwetu ni hatua mia mbili, na mtu mzima hawapiti wenzake bila kuwasalimu.

— Tani Moja! Unatupita kama hutujui? — aliita Breki asubuhi ya leo.

— Nina safari, jamani.

— Safari haikimbii. Kaa kwanza upoe.

Shimba akakaa. Benchi likalia. Akapewa kikombe, na chapati.

— Nusu tu.

— Nusu ya kwanza, — akasema Venant, mwalimu mstaafu, Profesa wetu. — Presha huijui wewe. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Ikipanda, kaa, ingoje.

— Wanasema ni huu unene.

— Unene! Sangara ni mnene, anapanda ndege mpaka Ulaya. Dagaa mwembamba, anaanikwa juani.

— Sangara anapanda akiwa amekufa, Profesa.

— Lakini kwa heshima!

Tukacheka, mimi zaidi ya wote. Mkono uliompa Shimba nusu ya pili ulikuwa wangu.

— Halafu hilo jasho, — Breki akaongeza. — Baiskeli ikivuja grisi, beringi zinasagika. Ukitoka jasho kila siku, magoti yatakulilia.

Hapo akatokea Bernadeta, mke wa Shimba, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga kijiweni. Mkononi alishika kadi ya kliniki.

— Habari za asubuhi, shemeji zangu.

— Nzuri, shemeji. Karibu.

— Jana wamempima tena. Ni ile ile. Dawa anameza mbele yangu. Chumvi nimepunguza mpaka watoto wananuna. Nyie ndio mnaomwona njiani. Hebu niambieni, huwa anafika wapi?

Breki akainamia tairi lisilo na tatizo. Profesa, mwenye methali ya kila jambo, akakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Mdogo wake alipopata kiharusi, nilimlisha kwa kijiko mwaka mzima, — Bernadeta akasema taratibu. — Kijiko sikiogopi. Naogopa mdomo usije ukawa wa huyu.

Shimba akaweka chapati chini. Akainama kufunga kamba za raba, tumbo likamzuia. Bernadeta akapiga magoti kwenye vumbi, akazifunga, moja, halafu nyingine, kama anavyomfungia mtoto wa chekechea.

— Twende, baba Winnie.

Wakaondoka, yeye akihema, mkewe akipunguza mwendo ili walingane. Walipofika kwenye kona Shimba akasimama, akashika kiuno, akageuka kututazama.

Hakuna aliyemwita.